Dume Alazwe Ubavu: Kuwatambua Utitiri Wanaofanana

Wanafunzi wangu na wenzangu katika kazi hii, asanteni kwa kufika.

Geuza jani la mharagwe lililoanza kupauka kwa vitone, uliweke chini ya lenzi ya mkono. Utaona utitiri, vidoa vinavyotembea kati ya nyuzi za utando, kila kimoja nusu milimita hivi. Wengi wetu hapo hukimbilia rangi: huyu kijani, huyu mwekundu, basi ni spishi mbili. Tabia hiyo naomba tuiache leo.

Tetranychus urticae, utitiri aliyepewa jina hilo na mtaalamu Koch mwaka 1836, kwa kawaida ni wa kijani-njano, ana baka jeusi kila ubavu. Lakini jike wake anayejiandaa kupita majira ya baridi hugeuka rangi ya chungwa, na mabaka yakapotea. Ni yuleyule. Wapo pia wekundu mwaka mzima, ambao kwa miaka mingi waliitwa Tetranychus cinnabarinus. Leo wataalamu wengi huwahesabu kuwa urticae tu, wenye rangi nyingine. Kisha yupo Tetranychus evansi, adui wa nyanya. Naye ni mwekundu, ila huyu ni spishi nyingine kabisa. Ukiwapanga kwa rangi utawatenga wa damu moja, na asiye wao utamwingiza.

Basi tumtazame nani? Dume. Ni mdogo kuliko jike, mwili wake umechongoka nyuma, na miguu yake huonekana mirefu kuliko kiwiliwili kinavyostahili. Majike wa jenasi hii, yaani kundi la spishi zinazoitwa Tetranychus, wamefanana mno. Ukiwa na jike peke yake, mara nyingi utaishia kwenye jina la jenasi. Dume ana uume uliopinda kuelekea juu, na kwenye ncha yake kuna kifundo cha mikrometa chache tu, yaani elfu chache za milimita. Kwa urticae kifundo hicho ni kidogo, kina pembe mbili fupi, moja mbele na moja nyuma, zinazokaribia kulingana. Kwa ndugu zake pembe moja hurefuka, au kifundo huinama, au hutanuka. Jina lote liko hapo.

Ndiyo maana nasisitiza alazwe ubavu, tena ubavu kamili. Mwanzoni nilikuwa nabonyeza kioo cha juu cha slaidi kwa nguvu ili mwili utandae vizuri. Dume akageuka kidogo tu, pembe ya nyuma ikajificha, nami nikaandika kwenye lebo jina lisilo lake. Nilikuja kugundua nilipoandaa madume wengine kutoka jani lilelile. Tangu siku hiyo sitoi jina kwa dume mmoja. Mloweke kwanza kwenye asidi ya laktiki mpaka mwili upenyeze mwanga, mgeuze polepole kwa sindano nyembamba, kisha shusha kioo bila haraka.

Kwa utitiri wanaokula utitiri wenzao, wa familia ya Phytoseiidae, kazi ni tofauti: hapo tunahesabu na kupima vinyweleo vya mgongoni, na kwa jike tunatazama umbo la kifuko cha kuhifadhia mbegu za dume.

Wakati mwingine hakuna kinyweleo wala kifundo cha kutuokoa, kuna kipimo tu. Mwaka 1904 mtaalamu Oudemans alimwelezea Varroa jacobsoni, utitiri wa nyuki aliyepatikana Java kwa nyuki wa Asia, Apis cerana. Kwa miongo mingi kila Varroa aliyeangamiza mizinga ya nyuki wa asali aliitwa kwa jina hilo. Mwaka 2000 watafiti Anderson na Trueman walilinganisha vinasaba vyao, wakapima na majike. Jacobsoni alikuwa na upana wa milimita 1.5 hivi na urefu wa 1.1, yule mwangamizi alifika upana wa 1.7 na urefu wa 1.2, umbo lake likiwa limetanuka zaidi pembeni. Wakamwita Varroa destructor. Fikirini ni tafiti ngapi zilizofanywa kwa mdudu mmoja zikaandikwa kwa jina la mwingine, na tofauti ilikuwa sehemu mbili za kumi za milimita.

Sasa sogeeni kwenye hadubini. Slaidi ya kwanza ina madume watatu kutoka mmea mmoja. Wa kati amelala vibaya, msimtumie.