Kitabu cha Kwanza cha Kumpa Rafiki

ZUHURA: Karibu, msikilizaji. Mimi ni Zuhura, na niko pamoja na Kaka Bakari. Rafiki yangu mmoja, ambaye tangu utotoni husoma hadithi za upelelezi peke yake, ameniomba nimchagulie riwaya ya fantasia, yaani ya ulimwengu wa kubuni wenye uchawi na maajabu, na nilipoanza kumwandikia orodha nilijikuta nimefikisha vitabu kumi na saba. Orodha hiyo nimeichana. Kaka Bakari, wewe ungeanzia wapi?

BAKARI: Ningeanza kwa kumuuliza ni kitabu gani cha mwisho kilichomfanya akeshe, na ni kitu gani hasa ndani yake kilichomnyima usingizi. Sisi wapenzi wa fantasia tuna tabia ya kumkabidhi mgeni kile tunachokipenda kuliko vyote. Mimi nilimpa rafiki yangu The Lord of the Rings ya Tolkien, juzuu zote tatu zilizotoka kati ya mwaka 1954 na 1955, naye akakwama kwenye utangulizi unaoeleza desturi za mahobiti, wale watu wafupi wa hadithi hiyo, hata kabla safari yenyewe haijaanza. Alinirudishia vitabu baada ya miezi miwili, akiomba radhi, ilhali mwenye kuomba radhi nilipaswa kuwa mimi.

ZUHURA: Na The Hobbit, ya Tolkien huyo huyo, ya mwaka 1937?

BAKARI: Hiyo ningempa mtoto, au mtu mzima anayefurahia kusimuliwa taratibu. Kwa rafiki yako nachagua A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, iliyochapishwa mwaka 1968. Ni kitabu chembamba, na uchawi wake una kanuni na una gharama, jambo ambalo msomaji wa upelelezi atalithamini, kwa kuwa amezoea kudai kila tukio liwe na sababu. Humo kila kitu, kuanzia jiwe hadi binadamu, kina jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo ana mamlaka juu ya mwenye jina. Kijana Ged, mwanafunzi wa uchawi, kwa kiburi cha kutaka kumshinda mwenzake shuleni, anaita roho ya marehemu, na katika ufa alioufungua kinachomoka kivuli kinachomrarua uso. Mkuu wa shule anauziba ufa huo, na kazi hiyo inamgharimu maisha yake.

ZUHURA: Mimi nilishikwa na ukurasa ulio mtulivu zaidi, baada ya hapo. Ged amepona, lakini amebaki na makovu na aibu, wenzake wamemtangulia kimasomo, na rafiki yake Vetch amekuja kumuaga. Kabla ya kuondoka, Vetch anamtajia jina lake la kweli, Estarriol, bila kuombwa. Fikiria uzito wa tendo hilo katika ulimwengu ambamo kumpa mtu jina lako ni kumkabidhi uhai wako, na anayepewa ni yule yule ambaye juzi tu kiburi chake kimeleta mauti. Nilikifunga kitabu, nikakaa nacho mapajani kwa muda mrefu.

BAKARI: Kisha linakuja lile litakalomnasa rafiki yako: kivuli kinamwinda Ged kutoka kisiwa hadi kisiwa, mpaka anashauriwa ageuke akiwinde yeye. Kuanzia hapo swali ni moja tu, kivuli hicho kinaitwa nani, na jibu lake linaridhisha kama la kesi iliyofumbuliwa vizuri.

ZUHURA: Nilitaka pia kumpa kitu kilichoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Nilifikiria Nagona ya Kezilahabi.

BAKARI: Nakusihi usianze nayo, Dada Zuhura. Wembamba wa Nagona na wa Mzingile, riwaya yake nyingine, unadanganya. Ni vitabu vinavyodai msomaji aliyekwisha kukubali kupotea njia. Mpe Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Nchi yenyewe iko angani, lakini hadithi yake ni kesi. Karama anashitakiwa kwa sababu ya kufundisha uanasheria, na kwa siku sita anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mawazo ya kuifaa nchi yao, na malipo yao yakawa kifungo. Msomaji wa upelelezi anaijua mahakama. Atastaajabu kuikuta mawinguni.

ZUHURA: Na akitaka kutoka nje ya fantasia?

BAKARI: Basi Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2022. Humo hakuna uchawi wa majina, lakini kuna mtoto Yusuf anayetolewa rehani kwa deni la baba yake, na safari ya kwenda bara inayotisha kuliko mapango mengi ya mazimwi. Hiyo isubiri, hata hivyo. Vitabu viwili vinatosha kwa sasa.

ZUHURA: Nitampa Earthsea kwanza, nakala yangu mwenyewe. Pale Vetch anapoaga niliukunja ukurasa pembeni miaka mingi iliyopita. Usiku huu nitaukunjua na kuulaza chini ya kamusi nzito, ili afikapo hapo asijue kwamba kuna mtu aliyewahi kusimama hapo kabla yake.