Namba za Pembeni

Habari za jioni, jamani. Wa nyuma mnaiona skrini? Haya. Hii ni Vim, programu ya kuandikia na kuhariri maandishi, na nimefungua faili. Pembeni hakuna namba hata moja. Ndivyo ilivyo ukiwa hujagusa kitu. Sasa mwenzako anapiga simu: programu imegoma, inalalamikia mstari wa 214. Utahesabu kwa kidole?

Naandika nukta mbili, kisha "set number". Hizo hapo. Ukanda huo wa kushoto una upana wa herufi nne: tatu za namba, moja ya nafasi. Faili ikifika mistari 1000 ukanda unajipanua na maandishi yote yanasogea kulia. Mimi kunaniudhi huko kusogea, kwa hiyo naweka "set numberwidth=6" mapema, yaishe.

Wengi huishia hapo. Kilichonileta leo ni hiki: nazima hizo kwa "set nonumber", kisha "set relativenumber". Mnaona? Mstari wenye kishale, ile alama ya mahali ulipo, ni 0, wa juu yake 1, halafu 2, na chini vivyo hivyo. Siku ya kwanza nilidhani nimeharibu faili! Lakini Vim hupenda kupewa hesabu. Ukiandika 7j unashuka mistari saba. Bila namba hizi unakisia, unapitiliza, unarudi juu. Nataka kufuta kuanzia hapa nilipo hadi kwenye mabano yale ya kufungia. Pembeni yake pana 12. Basi d12j. Imekwenda, mistari 13, maana na huu niliosimama umo. Sikuhesabu chochote, nimesoma tu.

Na yule wa mstari wa 214? Kusema kweli niliwatega. Ukiandika 214G unafika hata namba zikiwa zimezimwa zote. Namba halisi haikusaidii sana kwenda. Inakusaidia kumwambia mtu uko wapi. Ndiyo maana nawasha zote mbili. Mstari nilipo unaonyesha namba yake halisi, mingine inaonyesha umbali. Namba za umbali zilikuja na toleo la 7.3 mwaka 2010, lakini wakati huo ukiwasha moja nyingine inazimika. Kuziweka pamoja kuliwezekana toleo la 7.4, mwaka 2013.

Ila mtu akikaa kando yangu tukisoma kodi pamoja, yaani maandishi ya programu, za umbali nazizima. Atasema "angalia pale kwenye tano", na kuna tano mbili, juu na chini. Ugomvi wa bure.

Kitu kingine: ukinakili kwa kipanya kutoka kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, namba nazo zinaweza kunakiliwa. Niliwahi kumtumia mteja kodi iliyoanza kila mstari kwa namba, naye akaibandika hivyo hivyo. Tuliihangaikia mchana kutwa.

Mipangilio yote hii iwekeni kwenye .vimrc, faili ambayo Vim huisoma kila inapofunguka, bila zile nukta mbili, msiiandike kila asubuhi.

Enhe, kabla sijasahau. Ukifungua Vim bila faili, huenda ikakuomba uwasaidie watoto wa Uganda. Si matapeli. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991, alijitolea mwaka mzima huko Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994. Programu ni ya bure. Aliomba tu, ukiipenda, uchangie kituo cha watoto cha huko. Andika ":help uganda" usome mwenyewe. Bram alifariki mwaka 2023, na ombi lake bado limo.

Maswali? Naam, dada wa mbele. Anauliza mbona mstari huu wa pili hauna namba. Huo si wa pili, dada. Ni mstari mmoja mrefu, umekosa nafasi ukajikunja. Ukibonyeza j kishale kinauruka hadi wenye namba. Ukitaka kuingia kwenye mkunjo wenyewe, bonyeza gj. Jaribu hapo. Eee.