Springi za mbele za gari la zamani, kuzikagua na kuzibadilisha

Haya jamani, mlioko nyuma sogeeni kidogo maana hii springi hapa mezani nitaigeuzageuza na wa mbali hamtaona kitu.

Watu wengi ukiwatajia springi wanawaza raha tu, gari lirushe au lisirushe. Kwa haya magari ya miaka ya 1920 yenye ekseli moja ya chuma toka tairi hadi tairi, springi ya mbele, yaani hizi pleti za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, ndo inayoishika ekseli isirudi nyuma, isiende mbele wala isisogee pembeni, hamna kingine kinachoishika. Kwa hiyo springi ikichoka na usukani umechoka, utabadilisha kingipini (pini ambayo tairi la mbele linageukia), utabadilisha tairodi (fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele), na gari bado linavuta upande. Wenye Ford Model T na Austin Seven nyie mna springi moja mbele imekaa kwa upana wa gari na ekseli inashikwa na fito, kwa hiyo haya yanawahusu nusu, ila kwenye ukaguzi tuko pamoja.

Kabla hujashika spana, weka gari kwenye sakafu iliyonyooka, upepo wa tairi sawa pande zote, toa mizigo. Pima toka ekseli hadi chesisi, yaani fremu ya gari, kulia na kushoto. Alafu pima kati ya tairi la mbele na la nyuma, kila upande, hiki kipimo wengi wanakiruka na ndo chenye siri. Upande mmoja ukiwa mfupi, mshuku kwanza senta bolti, ile bolti inayopita katikati ya pleti zote. Kichwa chake kinaingia kwenye tundu la ekseli, kinaweka springi mahali pake, lakini kazi ya kubana ni ya yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Sasa yubolti zikilegea, kila ukikanyaga breki nguvu yote inaenda kwenye kale kabolti kembamba, siku kanakatika na ekseli inatembea. Angalia pale springi inapokalia ekseli, ukiona chuma kinang'aa pembeni ya kutu ujue pamekuwa panasogea.

Baada ya hapo piga brashi ya waya mpaka uone chuma. Njoo uone hii. Ncha ya kila pleti inasugua tumbo la pleti iliyo juu yake, na miaka inavyokwenda inachimba kama ngazi hivi, pitisha ukucha taratibu, ukucha ukikwama hapo ndo ufa unapoanzia. Sehemu nyingine ya ufa ni tundu la senta bolti na pembezoni mwa yubolti. Na kutu nyekundu ikitoka katikati ya pleti, pleti zimeshikana haziteleZI tena, gari linakuwa gumu, na mwenye gari anakwambia springi zangu bado ngumu kabisa hizi! Sio ugumu huo, ni kutu.

Sheko, kile kiungo kinachoshika ncha moja ya springi kwenye chesisi, nayo inaongea. Springi ikilala inarefuka, sheko ndo inayoipa nafasi, kwa hiyo gari likiwa limesimama tu na sheko imeshalala hadi karibu kugusa chesisi, hiyo springi imekwisha. Pini inayoshika springi na bushi yake, yaani kikombe kinachoivalia, unazijua kwa kunyanyua chesisi tairi zining'inie, ingiza mtaimbo kwenye jicho la springi, lile tundu la nchani, usukume, kukiwa na mchezo unaouona kwa macho badilisha.

Swali zuri hapo mbele, kwamba kwa nini mtu asiongeze pleti moja akamaliza. Gari litanyanyuka ndio, lakini zile zilizochoka bado zimechoka na ufa bado upo, we umeongeza ugumu tu. Kuchomelea pleti iliyopasuka usifanye kabisa. Na hii ya kupasha kwa gesi ili uikunje upya ndo inaniudhi zaidi, chuma cha springi kimepashwa, kikazimishwa ghafla, kikapashwa tena kwa moto mdogo ndo kikapata ule unyumbufu wake, ukikipiga moto sehemu moja unakiua pale pale. Fundi wa springi mwenye tanuru anaweza kuzikunja upya, sawa, ila kama pleti hazina ufa.

Ukiagiza mpya, hesabu pleti, pima upana, unene, jicho hadi jicho, na toka kila jicho hadi senta bolti, maana mara nyingi senta bolti haipo katikati. Agiza zote mbili.

Kutoa: stendi ziwe chini ya chesisi, jeki ishike ekseli, fungua shokapu, angalia hozi au kebo ya breki isivutike, shusha jeki taratibu mpaka springi isiwe na mzigo. Fanya upande mmoja mmoja. Kati ya springi na ekseli unaweza kukuta kabari, hiyo ndo inalaza ekseli ili usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona, piga picha na weka alama upande mnene ulikuwa unaangalia wapi, ukiigeuza gari litayumba barabarani. Na usifungue senta bolti mezani bila kubana pleti kwenye jiriwe, zinafyatuka.

Kufunga ni kinyume chake, ila yubolti ziwe mpya, za zamani zimeshavutika. Grisi ya grafiti kati ya pleti inatosha kidogo tu, ule msuguano nao unatuliza gari lisidunde. Bushi za raba usizikaze gari likiwa hewani, shusha litulie kwenye tairi kwanza, la sivyo raba inakaa imejipinda muda wote na itachanika mapema. Za shaba hazina hilo shida, hakikisha tu tundu la grisi halijaziba.

Springi mpya zitalinyanyua gari, na draglinki, ile fimbo inayotoka kwenye usukani kwenda kugeuza tairi, inabadilika mlalo, kwa hiyo zungusha usukani mwisho hadi mwisho uone hakuna kinachogusana. Tembea kilomita 100 hivi, kaza yubolti tena, pima ule urefu wa tairi la mbele hadi la nyuma, ndo sasa ushike tairodi uweke alaimenti, yaani tairi za mbele zielekee sawa.