BeagleBone Black iwake haraka: tunaipunguzia U-Boot kusubiri

Habari zenu, karibuni. Leo tunaishughulikia U-Boot, programu inayoamka kabla ya Linux kwenye BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja. Ile iliyomo kwenye eMMC, hifadhi iliyojengwa ndani ya bodi, tuiache kama ilivyo. Tutafanyia kazi kadi ya microSD, maana hiyo ikiharibika unaiandika upya kwenye kompyuta.

Kwanza kebo ya siriali, inayoleta maandishi ya bodi kwenye kompyuta. Tazama pini sita za J1: ya 1 ni ardhi, ya 4 inapokea, ya 5 inatuma. TX ya kebo (waya wa kutuma) iende pini ya 4, RX (wa kupokea) iende ya 5. Kebo iwe ya volti 3.3! Ya volti 5 inaweza kuunguza prosesa, kwa hiyo hakikisha kabla ya kuchomeka.

Sasa tupime. Tunatumia grabserial, programu ya kompyuta inayosoma kebo ya siriali na kupima muda. Andika grabserial -d /dev/ttyUSB0 -t, halafu washa bodi. Kila mstari unakuja na muda wake. Ukifika "Hit any key to stop autoboot", hapo bodi imekaa tu inahesabu, kwa kawaida sekunde 2.

Kwenye kompyuta, ingia kwenye folda ya msimbo wa U-Boot. Andika export CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf-, kisha make am335x_evm_defconfig, kisha make menuconfig. Bonyeza mkwaju (/), tafuta BOOTDELAY, yaani sekunde za kusubiri, weka 0. Usiweke -2, nakuomba: hiyo inakunyima hata nafasi ya kuikatiza kwa kibodi. Kwa 0 bado unaweza, ukiwahi kubonyeza. Hifadhi, andika make.

Utapata MLO, kipande kidogo kinachoanza kwanza, na u-boot.img, U-Boot yenyewe. Nakili zote mbili kwenye sehemu ya FAT ya kadi, usichanganye mpya na ya zamani. MLO inapoanza, RAM ya MB 512 bado imelala. Yenyewe inakaa kwenye kumbukumbu ndogo ya ndani ya prosesa, inaiamsha RAM, ndipo inaiita u-boot.img.

Chomoa umeme kabisa, weka kadi kwenye bodi. Shikilia kitufe cha S2, kinachoiambia bodi ianzie kwenye kadi, chomeka umeme, achia taa zikiwaka. Kubonyeza riseti hakutoshi, kwa sababu S2 inasomwa umeme unapoingia.

Bado inahesabu 2? Kuna mpangilio wa zamani uliohifadhiwa. Katiza kuhesabu kwa kubonyeza kibodi, andika printenv bootdelay uuone, kisha setenv bootdelay 0, kisha saveenv. Zima, washa, pima tena kwa grabserial, ulinganishe na ile mistari ya mwanzo.