Moto Kwanza, Viungo Baadaye: Mhadhara Kuhusu Kuchoma Nyama Nyumbani

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuitikia mwaliko. Naona wengi mmekuja na daftari na kalamu mkisubiri niwatajie viungo. Vitakuja, tena na vipimo vyake. Ila naomba kwanza tukae kwenye jiko, maana mishkaki inayotoka nyeusi nje na mbichi ndani haikukosa tangawizi wala bizari. Ilikosa makaa.

Wengi wetu tukiona ndimi za moto tunakimbilia nyama. Hapo bado mapema sana. Subiri mkaa ushike wote, ndimi zitulie, na kila kaa livae jivu juu huku ndani likiwaka jekundu. Kwa jiko la nyumbani ni dakika 20 hadi 30 hivi. Mafuta ya taa yaacheni kabisa, harufu yake haitoki kwenye chakula. Karatasi na vijiti vikavu vinatosha. Na jiko likae nje. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekufa usingizini kwa sababu hiyo.

Makaa yakishaiva, yasukume upande mmoja, upande wa pili ubakishe machache. Sasa una majiko mawili chini ya wavu mmoja: huku unababua, kule unaivisha. Weka kiganja juu ya wavu bila kuugusa, umbali wa kama upana wa mkono. Ukishindwa kuvumilia baada ya sekunde mbili au tatu, moto ni mkali. Ukifika tano au sita, ni wa wastani, na hapo ndipo kuku anapopaswa kukaa muda mwingi.

Kwa nini nasisitiza hivi? Ile rangi ya hudhurungi na ile harufu inayowatoa majirani nje huanza uso wa nyama ukishapita nyuzijoto 140 hivi. Nyama iliyolowa haifiki huko, kwa sababu maji yanachemka kwenye 100 na uso haupandi zaidi mpaka yakauke. Kwa hiyo nyama ikitoka kwenye viungo, ichuruze vizuri kabla ya kuiweka kwenye wavu. Na mafuta yakidondokea makaa moto ukaruka, usimwage maji, utapata jivu kwenye nyama. Isogeze upande wa pili mpaka moto utulie. Masizi ya mafuta yaliyoungua si ladha, na kwa afya hayafai.

Sasa mishkaki. Chukua kilo 1 ya steki, ikate vipande vya sentimita 2 au 2 na nusu, ukikata kupinga nyuzi za nyama. Tia kijiko 1 cha chakula cha tangawizi iliyopondwa, kingine cha kitunguu saumu, kijiko 1 cha chai cha bizari nyembamba, nusu kijiko cha pilipili manga, kijiko 1 na nusu cha chai cha chumvi, maji ya ndimu moja na mafuta vijiko viwili. Kisha papai bichi lililokunwa, kijiko 1 cha chakula.

Hapa kwenye papai nataka tukae kidogo, maana ndipo nyama nyingi zinapoharibika. Ule utomvu una kimeng'enya kinachokata protini za nyama, na ndiyo maana ng'ombe mkavu wa bucha la mtaani analainika. Lakini kazi hiyo haina kikomo. Hakuna mahali inaposema basi. Saa 2 zinatosha, nyama ngumu sana saa 4. Ukilaza usiku kucha, asubuhi utakuta nyama imekuwa kama uji, inakatika kwenye kijiti na mdomoni haina mshiko. Ndimu nayo ina tabia yake: ikikaa muda mrefu inaupika uso wa nyama, ukachomwa ukawa mkavu. Anayetaka kulaza mpaka kesho aache papai na ndimu, atumie maziwa mtindi, ambayo yana ukali wa upole zaidi.

Ukitunga, chomeka kipande kidogo cha mafuta baada ya kila vipande vitatu vya nyama. Usivibane sana, moto upite katikati. Vijiti vya mbao viloweke nusu saa. Choma upande wa moto mkali, ukigeuza kila dakika moja au mbili, dakika 8 hadi 10 kwa jumla. Viungo vilivyobaki kwenye bakuli vimeshika nyama mbichi: ama uvichemshe vizuri, ama uvimwage.

Kuku wa kupaka. Kwangu mimi hiki ndicho kitu kizuri kuliko vyote vinavyopita juu ya wavu katika pwani yetu, na nasikitika kuona siku hizi kuku anakaangwa kisha anatumbukizwa kwenye mchuzi, akapewa jina hilo hilo. Kuku wa kupaka lazima apite kwenye makaa. Mpasue mgongoni, mtandaze, mchanje mapajani, mpake tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na ndimu kwa saa 1. Mchome moto wa wastani mpaka akaribie kuiva. Huku nyuma bandika tui zito vikombe 2, nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, kitunguu saumu, pilipili mbichi mbili na chumvi, moto mdogo, na usiache kukoroga: ukilipa mgongo, tui linakatika. Likishakuwa zito la kushika mwiko, epua, kamulia ndimu.

Sasa ndiyo kupaka. Mpake tui kuku akiwa juu ya wavu, mgeuze, mpake tena. Tui litadondoka, makaa yatafuka, na moshi ule wa nazi unamrudia kuku mwenyewe. Upakaji wa kwanza unakauka na kushika rangi, wa pili unabaki laini juu yake. Fanya mara tatu, nne. Kuku ameiva akifika nyuzijoto 74 ndani ya paja. Usiye na kipimajoto, toboa penye maungio uone maji yakitoka safi bila wekundu. Tui lililobaki mmwagie akiwa sahani.

Kuhusu mbuzi nitasema machache. Mbuzi mzuri anataka chumvi na muda, basi. Paja lake limejaa nyuzi ngumu zinazolainika polepole kwenye joto la upole, na hakuna kiungo kitakachofanya kazi hiyo badala ya muda. Wenzetu wa Oman wanalijua hili: nyama yao ya shuwa hupakwa viungo, hufungwa kwenye majani na kuzikwa kwenye tanuri la chini ya ardhi siku nzima au mbili wakati wa Idi. Sisi kwenye jiko letu tumpe paja saa 1 na nusu au 2 upande wa moto mdogo, tukimnyunyizia maji ya chumvi, tumalizie upande mkali. Akitoka, apumzike dakika 10 kabla ya kisu, la sivyo maji yote yatabaki kwenye ubao.

Sosi ya ukwaju: gramu 200 za ukwaju, vikombe 2 vya maji ya moto, nusu saa, kamua, chuja. Chemsha na pilipili, kitunguu saumu, chumvi, na tende nne zilizopondwa badala ya sukari. Sosi yoyote yenye utamu, hata ile nyekundu ya chupa, ipakwe dakika za mwisho tu, kwa sababu sukari inaungua upesi na inageuka chungu.

Kachumbari mnaijua. Osheni vitunguu kwa chumvi, mtoe mbegu za nyanya, ndimu itiwe watu wakishakaa. Pembeni ndizi mbivu ichomwe na ganda lake, au muhogo wenye pilipili na chumvi.

Kuna dada pale nyuma ameuliza: sisi tunaokaa ghorofani, tusiokuwa na uwanja wa jiko, tufanyeje? Swali zuri, dada yangu. Washa oveni nyuzijoto 220, panga nyama juu ya wavu na trei chini yake, umalizie kwa moto wa juu ishike rangi. Ladha ya moshi itatokana na kaa moja. Liwashe kwenye jiko la gesi mpaka liwe jekundu, madirisha yakiwa wazi, liweke ndani ya kibakuli cha chuma katikati ya sufuria yenye nyama iliyoiva, lidondoshee kijiko cha chai cha samli, funika haraka. Dakika 5 zinatosha. Kisha litoe kaa, ulizime kwa maji, upakue nyama ingali moto.