Mwiba Ukopeni: Acheni Kutafuta Wembe

Ndugu zangu warina asali, mlionisikiliza mwaka jana mnivumilie, maana narudi palepale. Mwiba wa nyuki ukiingia ukopeni, utoe. Saa hiyohiyo. Kwa kucha, kwa ncha ya kidole, kwa chochote kilichotangulia.

Namwona mzee kule nyuma anatikisa kichwa. Shikamoo mzee. Najua utasema ukiubana kwa kucha unakamulia sumu ndani. Hata mimi nilifundishwa hivyo. Lakini mwaka 1996 mtafiti Visscher na wenzake kule California walijichomesha nyuki mikononi makusudi, wakapima uvimbe. Kubana na kukwangua, hakuna tofauti. Kilichozidisha uvimbe ni kuchelewa, hata sekunde chache. Mwiba uliobaki una kifuko cha sumu na misuli yake. Nyuki ameshakwenda kufa, wenyewe bado unasukuma sumu.

Mjomba wangu alichomwa ukope wa juu, chini ya mzinga wa gogo, huku kwetu Sikonge. Tulikuwa watatu. Mmoja akasema kisu. Mwingine akasema kisu butu, leteni wembe. Wembe, jamani, kwenye jicho la mtu! Na mimi mpumbavu nikatoka mbio kambini kuufuata. Narudi nahema, mjomba amekaa na mwiba wake, kifuko cheupe kinacheza-cheza kama moyo wa kifaranga. Na tuko palepale chini ya mzinga! Mwiba hutoa harufu kama ya ndizi mbivu, ndiyo inayowaita wenzake. Sisi tunajadili vifaa, mjomba anaongezewa mingine minne. Kwa hiyo toa mwiba huku miguu inaondoka.

Hayakuishia hapo. Kambini shangazi akamkamulia maji ya kitunguu. Ndani ya jicho! Mjomba alikuwa hajapiga kelele siku nzima, hapo alipiga. Kesho yake jicho limefumba kama andazi lililoumuka, na watu wakasema ni sumu ya nyuki. Ukope utavimba tu, ngozi yake nyembamba, na utakaa hivyo siku kadhaa. Ule wekundu wa ndani ulikuwa wa kitunguu. Osha uso kwa maji safi, weka kitambaa cha maji baridi dakika kumi, pumzika, rudia. Mate, tope, maziwa ya mama, mafuta ya taa, hapana. Asali? Nilijua mtauliza. Hapana, iuzeni.

Sasa haraka. Mwiba ukiwa kwenye jicho lenyewe, si ukope, yote niliyosema kuhusu kucha yafute: usiguse, usisugue, funika kwa kikombe kisichogusa jicho, nenda kwa daktari wa macho. Vivyo hivyo kama umeshautoa ukopeni lakini jicho linakwaruza kama lina mchanga, au unaona ukungu.

Na mtu akibanwa pumzi, ulimi ukivimba, vipele mwili mzima, kizunguzungu, hapo sahau jicho. Mlaze, akibanwa pumzi mketishe, msimtembeze, tafuteni usafiri wa hospitali, anahitaji sindano ya adrenalini. Piritoni peke yake haitoshi, na msikae kuingoja ifanye kazi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kusema na habari ya kofia za wavu zilizotoboka, lakini nimeziona pale mlangoni mlipozitundika. Wenyewe mnazijua.