Kabla Hatujakopa Eafraya 24

(Mhadhara kwa wanakikoba, Tanga, majuma machache kabla ya Ramadhani)

Shikamooni mama zangu. Assalaam alaykum, na wale ambao hatusalimiani hivyo, habari za mchana. Akina baba wawili mliosimama mlangoni, ingieni mkae. Jambo la leo ni la jikoni, lakini linaanzia mfukoni, na mifuko ni yenu pia.

Mama Mwenyekiti aliponipigia simu alinieleza pendekezo lenu: kikoba kitoe mkopo wa pamoja, kinunue eafraya 24 kabla ya mfungo, kila mwanachama apate yake na kurejesha kidogo kidogo. Tukiweka bei ya laki moja na nusu kwa moja, hiyo ni milioni tatu na laki sita. Ni hela nyingi. Ndiyo maana nilikubali kuja, na ndiyo maana nitasema wazi ninavyoona: baadhi yenu chombo hiki kitawafaa sana, na wengi wenu hakitawafaa. Nitawaeleza jinsi ya kujijua uko upande gani.

Kwanza tukijue chombo chenyewe. Jina linatupeleka mbali na ukweli. Tunasikia kukaanga kwa hewa, tunawaza karai lisilohitaji mafuta. Vuta droo, inama, chungulia kwa juu. Utaona koili ya moto, na juu ya koili kuna feni. Hiyo ni oveni, oveni ndogo yenye feni kali. Kampuni ya Philips ya Uholanzi ndiyo iliyoitoa kwa jina la Airfryer mwaka 2010, lakini bekari zilikuwa na oveni za feni tangu zamani. Kipya ni udogo wake. Nafasi ni finyu, upepo wa moto unazunguka karibu na chakula, maji ya juu ya chakula yanakauka upesi, na kinachokauka ndicho kinachopata ule ukavu wa kukwaruza tunaoupenda.

Sasa fikirini karai. Mafuta yaliyopata moto yana kati ya nyuzi 170 na 190, na yanakishika chakula pande zote kwa mara moja. Ukidondosha kijiko cha bajia, ganda linajifunga kabla hujatoa mkono. Upepo hauwezi kufanya hivyo. Upepo unakausha, haukamati. Ukilishika jambo hili moja, huhitaji kuuliza mtu kipi kitakubali na kipi kitakataa. Kinachoingia kikiwa kikavu kwa nje, au kikiwa na mafuta yake mwenyewe, kitakubali. Kinachoingia kikiwa uji, kitakataa.

Kwa hiyo bajia za kunde, hapana. Nimejaribu, rojo lilipenya kwenye matundu ya kikapu, likaganda chini kama gundi. Viazi vya karai na kachori, hapana, kwa sababu ile ile ya rojo. Vitumbua hata tusizungumze. Mandazi yanaiva, tena vizuri, lakini yanatoka mikate midogo. Mwenye kutaka mandazi ya kahawa ya asubuhi, lile lenye ganda laini na harufu ya iliki ikipanda na mafuta, hatalipata humo.

Sambusa ndiyo nataka tukae nayo kidogo, maana najua nusu ya ukumbi huu inawaza sambusa za futari. Inawezekana, ila ina masharti. Manda ni nyepesi. Ukiifunga kwa haraka, feni inainua ule mkia wa mwisho, unafunguka, nyama inakauka inakuwa kama mchanga. Rojo lako la unga wa kufungia liwe zito, lipake mpaka kwenye ncha, halafu zilaze sambusa upande uliofunga uangalie chini. Zipake mafuta kwa brashi pande zote mbili, wala usione uchungu. Bila mafuta manda inageuka karatasi nyeupe yenye madoa ya kahawia. Nyuzi 180, dakika 12 hadi 15, ugeuze katikati. Zitatoka kavu, tamu, na mkono wako haung'ai mafuta. Lakini zipange zisilaliane. Kikapu cha lita nne kwa hesabu yangu kinabeba sambusa nane, tisa, basi.

Hapo ndipo mimi niliponaswa. Nyumbani kwangu tuko tisa. Ramadhani ya kwanza niliyokuwa na eafraya, kila mtu sambusa tatu, ni sambusa 27, ni mizunguko mitatu, ni karibu dakika 45, na Magharibi haimsubiri mtu. Zile za kwanza zikawa zimepoa wakati za mwisho ziko ndani. Siku ya nne nililitoa karai langu kabatini. Chombo hakikuwa kibovu. Kiliingia nyumba isiyo yake.

Vingine nivipitie haraka. Kuku wa kisasa anakubali sana, mafuta yake yanachuruzika chini. Wa kienyeji mchemshe kwanza, la sivyo utatafuna kamba. Kibua ana mafuta yake, hahitaji kitu zaidi ya chumvi na ndimu. Mihogo ichemshe, ikaushe, ipake mafuta. Ndizi mzuzu, vizuri sana. Karanga za kukaanga, vizuri, ukitikisa kikapu kila baada ya dakika tatu. Dagaa wakavu waacheni, ni wepesi, feni inawarusha mpaka kwenye koili na nyumba inanuka kuungua. Na kiporo cha chipsi au sambusa za jana kinarudi kama kipya, hapa sijaona chombo kinachoishinda.

Sasa hesabu, na naomba wenye kalamu waandike.

Watu wanasema inaokoa mafuta. Ni kweli, lakini kiasi gani? Kilo moja ya viazi vibichi ikishakuwa chipsi za karai inakuwa imenyonya mafuta kama vijiko vitano vya mezani. Mengine yanabaki karaini. Kwenye eafraya unatumia kijiko kimoja. Umeokoa vijiko vinne, yaani mililita 60. Tuseme lita ni shilingi 6,000. Umeokoa shilingi 360.

Umeme je? Ya kawaida ina wati 1,500. Dakika 20 ni nusu uniti. Kilo ya viazi haiingii kwa mara moja, ni mizunguko miwili, kwa hiyo uniti moja. Mwenye mita ya T1, lile kundi la watumiaji wa kawaida, analipa shilingi 292 kwa uniti, na kodi na tozo zikiingia inafika kama 356. Mmeona? Ulichookoa kwenye mafuta kimeondoka na LUKU. Gesi ambayo hukuiwasha inakurudishia kidogo, lakini ile laki na nusu hairudi kwa njia hiyo.

Walio kwenye D1, kundi la majumbani wenye matumizi madogo, uniti yao ni shilingi 100 kabla ya kodi, kwao ni nafuu kweli. Lakini D1 ina ukuta: uniti 75 kwa mwezi. Ukivuka, kila uniti ya juu yake inahesabiwa kwa shilingi 350 kabla ya kodi. Sasa kama wewe unatumia 65, na utapika mizunguko miwili kwa siku nne za wiki, unaongeza kama uniti 17. Umeshavuka. Kabla hujasaini mkopo, chukua meseji zako za LUKU za miezi mitatu, jumlisha uniti, ujue umesimama wapi.

Kuna mmoja tu anayeokoa fedha kweli: yule anayemwaga mafuta. Ukijaza karai lita nzima, ukakaangia mara tatu na kuyamwaga, kila kukaanga kumekugharimu shilingi 2,000. Huyo anunue. Ila tuambizane ukweli, wangapi tunamwaga? Tunayachuja, tunayarudisha kwenye chupa, yanakuwa meusi, mazito, yanatoa povu na kuwasha koo, na bado tunaendelea. Hilo linaniuma kuliko mengine yote niliyokuja kusema. Kama hutanunua eafraya, basi angalau mafuta yakishatoa povu na moshi kabla ya kushika moto vizuri, yaage.

Kuhusu afya sitarefusha. Mafuta yanapungua, hilo halina ubishi. Lakini kisiwe kisingizio cha kula chipsi kila siku, kiazi ni kiazi na chumvi ni chumvi. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipata moto mkali vinatengeneza kemikali iitwayo akrilamaidi, ambayo inashukiwa kuchangia saratani. Inatokea karaini, inatokea ovenini, na humu inatokea. Dawa yake ni rahisi: lowesha viazi nusu saa, vikaushe, viache vikiwa rangi ya dhahabu, visifike kahawia. Na viazi vibichi visikae kwenye friji, vinaongeza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoviunguza.

Sasa soketi. Wati 1,500 ni mzigo kama wa pasi, lakini pasi hatupigi dakika 45 bila kupumzika. Mimi niliichomeka kwenye ekstensheni niliyonunua kwa bei ya kutupa. Siku hiyo hiyo ya sambusa nilisikia harufu ya plastiki, nikadhani ni chakula. Nilipoigusa, plagi ilikuwa ya moto na tundu la ekstensheni limeyeyuka, limekunjamana kama ganda la ndizi bivu. Watoto walikuwa wamekaa chini hatua mbili. Kwa hiyo nawasihi, soketi ya ukutani, peke yake, isiyochezacheza. Mpangaji aliyegawiwa waya mmoja kwa vyumba vitatu amwite fundi kwanza, hata kama mkopo umeshatoka.

Na mama mmoja ameniambia mwanawe aliyeko Marekani anataka kumletea moja kwenye kontena. Mwambie asilete. Umeme wa kule ni volti 120, wetu ni 230. Ukibadili plagi tu, itaungua siku ya kwanza. Transfoma ya kuibeba ni kubwa na ya gharama, bora akutumie hela. Wenye ndugu Oman au Dubai hawana shida hiyo, volti zao zinafanana na zetu.

Nirudi kwenye ile yangu. Sikuiuza. Niliipeleka kwa mama yangu, ana miaka 74, anaishi na mjukuu mmoja. Mama alipata kiharusi kidogo, mkono wa kulia unatetemeka, na daktari alimpunguzia mafuta. Kila nilipofikiria mkono ule na karai la mafuta ya moto, usingizi ulipaa. Nilikwenda Jumapili nikamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya eafraya, miwani puani, anaisikiliza. Alikuwa ameweka vipande viwili vya changu na ndizi mzuzu moja. Ilipolia kengele, alivuta droo kwa mkono wa kushoto, akatoa samaki wake kwa koleo, akaniambia, "Huyu sikumwomba mtu anipikie." Watu wawili, mzunguko mmoja, dakika 15. Hesabu ya mafuta na umeme niliyowafanyia hapa haiingii katika nyumba ile, maana pale nilinunua mkono salama.

Basi jipimeni hivi. Nyumba yenu ni watu wangapi, na kwa wiki mnakaanga mara ngapi vitu vikavu, si vya rojo? Mkiwa wawili, watatu, wanne, na mnakaanga mara tatu au zaidi, chukua. Kama kuna mgonjwa wa presha au mzee asiyetakiwa kusogelea karai, chukua. Mkiwa saba, na chungu chenu cha kila siku ni maharage, makande na wali, nakushauri fedha hiyo uinunulie presha kuka ya umeme. Maharage yanayokula mkaa saa mbili na nusu yanaiva humo chini ya saa moja, kwa umeme usiofika uniti moja. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa nyumba yenye watu wengi, moshi utaondokea kwenye maharage kabla ya kuondokea kwenye sambusa.

Kwa kikoba, naona msinunue 24. Orodhesheni wanaotaka baada ya leo, na mkopo uwe wa chombo anachochagua mwenyewe. Naona dada wa kitenge cha kijani anatikisa kichwa. Sawa, usiniamini kwa maneno.

Nimekuja na eafraya moja. Viazi kilo moja vimelowa tangu saa saba, nimevikausha kwa kanga safi. Sambusa nane nimefunga asubuhi. Lile karai la Mama Mwenyekiti liko jikoni na mafuta yameshapimwa kwenye chupa, tutayapima tena tukimaliza. Naomba mtu mmoja ashike saa. Na mmoja aende kwenye mita ya ukumbi sasa hivi, kabla sijachomeka, atusomee kwa sauti namba anayoiona.